Bahasha Zako Nyeupe, Baba Sitara

Mwaka umetimia tangu Jumanne ile ulipoanguka kwenye dirisha la dawa hospitalini, saa tano asubuhi, simu ikiwa mkononi. Wenzako walituambia ulikuwa unamsubiri daktari apokee, kwa sababu dawa iliyoandikwa kwenye cheti cha mgonjwa ilikuwa imekwisha na hukutaka kumpa nyingine bila ruhusa. Daktari alipokea. Aliita jina lako mara mbili. Wewe ulikuwa umeshatangulia.

Ulitoa dawa katika hospitali ile kwa miaka kumi na tisa. Sisi nyumbani Magomeni tulikuona ukitoka umepiga pasi shati lako mwenyewe, na ukirudi unanukia sabuni ya mikono. Hukupenda kuzungumza habari za kazi. Mengi tumeyasikia msibani, kwa watu tusiowajua.

Alikuja Mzee Anuari, yule anayesukuma mkokoteni Kariakoo. Alikaa kwenye mkeka akatusimulia siku ulipombadilishia dawa ya presha. Alikuwa na haraka.

"Nipe hiyohiyo, bwana dawa. Nina mzigo wa watu Mtaa wa Kongo."

"Mzigo utakungoja. Taja kwanza jina la hii mpya."

"Nimeshataja mara mbili. Hata mke wangu simtaji mara tatu kwa siku."

"Ndiyo maana kakununia. Taja."

Akataja. Ukamuuliza zile za zamani ziko wapi, akasema zimebaki nyumbani, kwenye kopo. Ukamwambia akazilete. Alikasirika, akaenda, akazileta. Anasema ni baadaye ndipo alipoelewa kwamba angekunywa zote mbili, kwa kuwa majina ni tofauti na yeye si mtu wa kutupa kitu. Akiwa pale msibani akalitaja jina la dawa yake bila kuulizwa, taratibu, kama mtoto wa madrasa. Watu walicheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu wakati ule sikujua jina la dawa ya mwanangu.

Dada Euphrasia, uliyekuwa naye dirisha moja, alinieleza desturi yako. Ikiwa dawa ni ileile ila kiwanda kingine, unamwonyesha mgonjwa, unamwambia rangi si dawa, asiogope. Ikiwa ni dawa nyingine kabisa, hugusi kitu mpaka daktari aandike, hata foleni ikifika nje na watu wakikutukana. Na dawa za kifafa uliziweka peke yake. Hizo hata kiwanda hukubadilisha mpaka kliniki ijue. Kila badiliko uliliandika kwenye daftari, na tarehe, na saini yako.

La mwanao hukuliandika.

Tunalisema hapa bila kukulaumu, kwa sababu watu wanatuuliza Sitara amekuwaje, na wengine wanasema amefanyiwa mambo. Hakufanyiwa mambo. Alikuwa haanguki kifafa kwa miaka mitatu na miezi miwili, na aliyemfikisha hapo ni wewe. Kila mwisho wa mwezi ulikuja na bahasha ndogo nyeupe. Kwa kuwa nilikuwa nachanganya vidonge vya asubuhi na vya jioni, ulivitoa kwenye pakiti zake, ukavigawa, ukaandika kwa mkono wako: Sitara asubuhi, Sitara jioni. Basi. Nilikuuliza mara moja vinaitwaje. Ulikuwa unavua viatu. Ukasema, "Ya nini kujisumbua, Mama Sitara? Mimi si nipo."

Bahasha zilizobaki zilitutosha wiki sita baada ya mazishi. Zilipokwisha nilichukua faili la kliniki nikaenda dirishani kwako. Alikuwepo Benjamini, aliyeletwa kushika nafasi yako. Alinisalimia kwa heshima, akanipa pole, akasoma faili, akaleta vidonge vyeupe, vya duara. Vyako vilikuwa virefu, rangi ya matofali.

"Zile hazikuwa hivi, mwanangu."

"Ni kiwanda tu, mama. Jina ni hilohilo, miligramu ni hizohizo. Angalia, faili hili hapa."

Hakunidanganya. Faili lilisema hivyo. Nami nilikumbuka maneno yako, kwamba rangi si dawa, nikaona nitamsumbua bure. Nikavitia mkobani.

Siku ya tisa Sitara alianguka shuleni, kwenye ngazi. Jino la mbele lilivunjika. Wiki ile alianguka mara nne.

Euphrasia alikuja nyumbani tukapekua nguo zako, tukapata karatasi tupu ya vidonge kwenye mfuko wa koti la mvua. Aliigeuza akasoma maandishi ya nyuma. Dawa ilikuwa ileile, ila ni ya aina inayoyeyuka polepole tumboni, kutwa nzima, na hospitali haiagizi aina hiyo. Ulikuwa ukizinunua mwenyewe Kariakoo. Wewe na daktari wa kliniki mlikubaliana kwa simu, naye tulipompata huko Dodoma alikohamishiwa alikumbuka. Ulimwambia utaliingiza kwenye faili ukipata nafasi. Ilipita miaka mitatu hukuipata, Baba Sitara. Uliandika ya watu wote.

Nilikwenda kwa Mzee Hasmukh, mwenye duka la dawa za jumla ulikokuwa ukinunua. Alinivutia kiti, akaagiza nipewe chai.

"Zahoro alikuwa mtu wangu. Anakuja mchana, anakunywa maji, anatania, anaondoka."

"Nimefuata zile za Sitara, mzee."

"Mzigo ule hauji tena, mama. Kampuni imeacha kuleta."

"Nirudi lini?"

"Sitaki kukudanganya. Usirudi kwa ajili ya hiyo."

Bado nilizunguka. Nilishika ile karatasi tupu, nikaingia duka kwa duka kuanzia Msimbazi hadi karibu na Mnazi Mmoja, siku tatu. Wapo walionionyesha za kiwanda kingine, zinazoyeyuka polepole vilevile, nikazipeleka kliniki, wakamwanzishia. Hazikumtuliza. Daktari mpya alisema ubongo ukishazoea kuanguka, kurudi kwenye dawa ya mwanzo si lazima kurudishe utulivu wa mwanzo. Alisema kwa upole. Baada ya hapo akambadilisha dawa kabisa. Hiyo ilimtoa vipele mwili mzima, ikaachishwa. Ya sasa inamlaza mpaka saa nne asubuhi, na bado anaanguka mara mbili au tatu kwa wiki.

Ameacha shule tangu mwezi wa tatu. Alikuwa kidato cha pili. Mwanzoni alikuwa akiniuliza lini atarudi, sasa haulizi. Vitabu vyake amempa binti wa jirani.

Benjamini alikuja kututazama. Alikaa ukingoni mwa kiti, hakugusa soda. Akasema, "Mama, ningepiga simu." Nikamwambia faili halikumpa sababu ya kupiga simu. Ni kweli, lakini niliona haikumsaidia, na mimi pia haikunisaidia. Ningeweza kusema mara ya pili kwamba hizi si zenyewe. Nilisema mara moja tu.

Nilikukasirikia, Baba Sitara, kwa miezi kadhaa. Nilizunguka nyumbani na bahasha zako tupu mkononi nikitaka kuzichoma. Hasira imekwisha, na haikuacha kitu kizuri mahali pake. Usiku ninapanga vidonge, ninaandika jina la dawa juu ya kila bahasha, kiwanda chake, tarehe, na aliyenipa. Mwandiko wangu si mzuri kama wako. Nimelijua jina la ile ya rangi ya matofali pia, naweza kulitaja bila kusoma. Haipatikani.

Mama yako anaendelea kukuombea kila baada ya swala. Macho yake yamepungua. Ameacha kututajia siku ulizokuwa ukirudi mapema.

Wanaokukumbuka ni mkeo Nasma, mwanao Sitara, mama yako Bi Mwanahija, mdogo wako Nassibu na mkewe, dada zako wa Magomeni na wa Tanga, Euphrasia na wenzako wote wa chumba cha dawa. Maadamu tupo, utatajwa katika nyumba hii. Mwenyezi Mungu akurehemu, akusamehe, akupe makazi mema.

Kisomo ni Jumapili baada ya Alasiri, nyumbani. Jumatatu asubuhi Sitara anaanza dawa ya nne.