Ushahidi Uliokaangwa

Nadine, mjukuu wangu mwenye diploma nyingi kuliko meno yangu,

Huku Nyakabiga tuko wazima, na goti la bibi yako linalalamika kuliko yeye. Unauliza kama ukubali kuongoza komite ya taifa ya utafiti wa viumbe vya ziwa. Swali hilo linanichoma. Hata mi nilikaa humo nikiwa kijana, msemaji wa wavuvi, shule ya primeri sikumaliza lakini mdomo ninao.

Wakubwa wa komite walitaka kuruhusu nyavu za kukokota kwenye ghuba yetu. Wakadai hakuna samaki anayezalia pale, nilete ushahidi. Nikaleta samaki hai ndani ya ndoo, kinywa kimejaa vifaranga vyake, maana aina ile huwalea watoto mdomoni. Lakini wavuvi tulisikilizwa mwisho, baada ya chakula. Nikaiweka ndoo kivulini, mlangoni mwa jiko la hoteli. Ujinga wangu huo!

Tulipomaliza kula, prezida wa komite akajilamba vidole.

"Haya, mutu wa samaki, ushahidi uko wapi?"

Nikakimbilia ndoo. Tupu! Mpishi alidhani ni kitoweo.

"Uko tumboni mwako, Prezida!"

Wakacheka mpaka machozi, kisha wakaandika: "Mvuvi hakuleta kitu." Nyavu zikaingia. Leo ghuba ile haina hata kifaranga.

Kubali, mutoto wangu. Ila mvuvi akija na ndoo, msikilize kabla hamjala.

Babu yako, ambaye bado hajaisamehe sahani ile.