Maharagwe ya Nyumba ya Nane

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya tatu safarini. Tunapima visima. Tuko watatu: Mkuu, dereva, na mimi karani. Sharti la Mkuu ni lile lile — tupike kilichovunwa karibu na tunapolala, makopo marufuku. Mpishi ni mimi. Leo viazi na mchicha. Dereva, tunayemwita Mjomba Gia, kasema siku mbili zaidi za majani na ataanza kulia kama mbuzi. Nilicheka. Mkuu hakucheka.

Jumanne, 4 Machi
Ukame mtupu huku. Nyumba saba, sikupata kitu. Na Mkuu alishasema: nikirudi mikono mitupu, ataandika kwamba sijitumi. Mkataba wangu unaisha mwezi huu!

Nyumba ya nane, mama mmoja ana maharagwe makavu, kayahifadhi kwenye kopo kuukuu. Akakataa. Haya ya kupanda, mwanangu, si ya kula. Nikadhani anabana tu. Nikabembeleza, nikataja ofisi. Akanipa bila kunitazama. Basi uyaoshe sana, akasema, uyaoshe mno.

Tulikuwa na ndoo moja ya maji. Niliyaosha mara moja. Maji yalitoka ya waridi — nikaona ni rangi yake.

Mkuu alimalizia viazi vya jana. Mimi, vijiko vitatu. Mjomba Gia sahani mbili! Eti karani, leo umepika kama mtu aliyelelewa.

Jumatano, 5 Machi. Kituo cha afya, benchi la nje
Mjomba Gia alianza kutapika tukipakia vifaa. Jasho, mate yanamchuruzika, miguu haimbebi. Mkuu ameendesha gari mwenyewe. Njiani nikakumbuka somo la kilimo: mbegu hupakwa dawa ya wadudu, kisha hutiwa rangi ili mtu asije akala. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani. Nilipata alama zote!

Nimemwambia Mkuu. Kasema: ni maji ya kisima, umesikia? Wewe ndiye uliyepika. Fikiria maisha yako, kijana.

Muuguzi alipouliza tulikula nini, Mkuu akawahi: viazi. Kila mara najipangusa mdomo, kuona kama mate yananitoka na mimi. Kupitia dirisha namsikia Mjomba Gia akivuta pumzi kama anapandisha mlima.

Muuguzi katoka tena. Anasema dripu haisaidii, lazima ajue. Safari hii hamwangalii Mkuu. Ananiuliza mimi.