Kitambaa ya Mama Neema

Mercredi, usiku

Ile filme singeiangalia. Bibi mumoja anafiwa na bwana yake, kisha anajua kama marehemu alikuwa na mwanamuke mwengine. Nilitaka kuizima, Mama Neema akasema tuiache.

Ni jirani. Tangu matanga ya bwana yangu Augustin anakuja kila mangaribi, ananipikia pondu, ananibembeleza nikule. Bwana yake iko Opala, anauzisha mchele, muzima kabisa.

Kwa filme, wale wanamuke wawili wakakutana kwa mulango. Mama Neema akasema polepole, "Huyu naye amefiwa. Lakini nani atamupa pole?"

Nikamuuliza, "Unamusikilia huruma?"

"Bon, ni filme tu, mama."

Kisha akavuta kitambaa ya kichwa apanguse machozi, bila kufikiri. Kichwa yake ilikuwa imenyolewa. Nywele ndiyo zinaanza kuota, kipimo sawasawa na zangu.

Kwetu anayenyolewa hivyo ni mujane peke yake.

Alijifunga tena, akaosha sahani, akaniambia nilale vizuri.

Sasa silali. Mimi nilinyolewa na shangazi ya Augustin, nyuma ya nyumba, siku ya kuzika. Nilifikiri atatupa ule wembe. Hapana, aliuosha vizuri, akaufunga kwa karatasi, akaniuliza kama Mama Neema iko kwake.

Nilimujibu ndiyo. Nikamuonyesha hata mulango.