Eti Hukuonja!

Paromita, uko? Nina hasira mpaka basi.

Shangazi Madhabi kawaleta wakwe watarajiwa wa binti yake kula kwetu. Mama kaamka alfajiri, kasaga haradali kwenye jiwe, kapika samaki wa ilish. Na unajua tangu baba afe, Shangazi huyo huyo ndiye aliyempiga mama marufuku kula samaki. Eti kwa mila yetu mjane hali samaki, hata mchuzi halambi!

Sasa mkwe mmoja kutia tonge mdomoni, kakunja uso. Shangazi akamgeukia mama mbele za watu: "Wifi, chumvi yote hii? Kwani hukuonja?"

HUKUONJA! Yeye ndiye wa kuuliza HUKUONJA!

Nikashindwa kuvumilia. "Aonje vipi, Shangazi, na wewe ndiye uliyemfunga mdomo?" Wageni macho kwenye sahani. Shangazi akawaka: eti mimi ndiye sina adabu, nimemwaibisha marehemu baba. Mimi!

Nikamfuata mama jikoni nikijua analia. Wapi! Anaosha jiwe lake, katulia tuli. Nikamwambia, "Pole mama, kukosea ni kawaida."

"Nani kakosea? Miaka yote napika bila kuonja, chumvi haijawahi kunishinda. Leo nilitaka shangazi yako aniulize mbele za watu."