Ushuhuda wa Mgonjwa Aliyepona

Kaka yangu mpendwa,

Shangazi anakusalimu, yuko nasi tangu tumzike Mama. Paa tumeshaliziba.

Siku ya mazishi uliniuliza kwa nini Mama aliacha vidonge vya presha. Nilisema sijui. Nilikudanganya.

Nilimtengenezea muuza dawa za mitishamba tovuti inayofunguka vizuri hata kwenye simu ndogo kama ya Mama. Akataka na makala za kuvuta wateja. "Andika ya mtu aliyepona," akaniambia. Sikumjua hata mmoja, basi nikamtunga mama wa miaka sitini aliyetupa vidonge, akapona presha kwa wiki tatu.

Mama akaikuta makala hiyo kwenye simu yake. Aliniita jikoni akanisomea yote, akasema, "Mwanangu, huyu si mimi mwenyewe?"

Niliona haya kumwambia ni maneno yangu. Nikasema tu, "Za hospitali usiziache, Mama." Akaitikia, ili kuniridhisha tu. Wiki ya tano baada ya hapo akaanguka bafuni, mengine unayajua.

Nimemsihi mwenye tovuti aifute makala ile. Amekataa. Anasema ndiyo inayosomwa kuliko zote.

Ukiweza kunijibu, nijibu.

Mdogo wako