Na Baridi Yabisi Yangu, Nakwenda

Jumatano, 3 Desemba

Mafuta ya karafuu magotini, la kulia kwanza. Chai ya maziwa. Saa moja asubuhi nilikuwa Qurum, nimeendesha mwenyewe. Nimetembea ufukweni, kwenda na kurudi mara mbili. Ya pili taratibu. Nimerudi nyumbani Ansab saa tatu, naingia kwangu chini, nasikia vishindo juu kwa mwanangu Nassor. Nikapanda ngazi. Mkewe, Zuwena, amejaza meza ya kulia makoti. Makoti mazito, glavu, soksi za sufu, vyote vya kuazima kwa jamaa zake waliosoma Ulaya. Kavipanga mafungu. Moja la Nassor, moja lake, moja la mjukuu wangu Shufaa, na moja dogo la mdogo wake Maryam.

Nimemuuliza wanakwenda wapi. Akasema Norwei, kaskazini kabisa, likizo ya nusu mwaka ya watoto. Nassor kapata tikiti za rahisi. Aliyasema yote haya akiangalia soksi.

Mafungu manne. Nimeyahesabu mara mbili.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimemngoja Nassor atoke kazini. Sikumpa hata nafasi ya kuvua kofia. Akasema, "Mama, wewe una baridi yabisi. Nkupeleke kwenye baridi? Watu watasema nimekwenda kukuua." Akasema tena kuwa kibanda walichokodi kina vitanda vinne tu, na kikubwa zaidi hawakimudu. Akasema atanipeleka Salala, kusini, wakati wa mvua. Akanibusu kichwa. Kwake yeye, mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Nina miaka sitini na sita. Miaka thelathini nimefundisha jiografia shule ya wasichana. Kila mwaka nimechora ubaoni mstari wa nukta kuzunguka utosi wa dunia, Mzingo wa Aktiki, na waliokosea niliwakata alama. Mwenyewe theluji sijapata kuiona ila katika vitabu. Nassor analijua hilo.

Tangu baba yake alipofariki, Mungu amrehemu, kila kitu ni Mama hawezi. Mama asiendeshe usiku. Mama asibebe. Mama apumzike. Wakiniacha mara hii wataniacha kila mara, na mimi nitazoea. Hicho ndicho ninachokiogopa, kuzoea.

Ijumaa, 5 Desemba

Mdogo wangu Khamis kaja chakula cha mchana. Wameshamwambia. Kaanza hotuba hata kahawa haijafika. "Dada, umri huu watu wanakwenda umra." Nikamwambia nimekwenda mara nne, na Mungu aliyeiumba Makka ndiye aliyeiumba Norwei. Akasema huko wakati wa baridi jua ni la kutafuta, nitaijuaje adhuhuri? Nikamwambia kwa saa, kama anavyoijua yeye ofisini kwake kusiko na dirisha. Akasema mtu mzima hovyo.

Nikamtilia kahawa. Kikombe kimoja. Cha pili sikumtilia, na alitikisa kikombe bure.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimekwenda kwa daktari bila kumwambia mtu. Kijana, mpole. Nimemuuliza kwa Kiarabu kama baridi ya nje huzidisha baridi yabisi. Jina hakulijua. Nikamfasiria: baridi kavu. Akacheka. Akasema magoti yangu yamelika, kwa umri na kwa miaka ya kusimama ubaoni, na hakuna baridi yoyote iliyoingia humo. Kule pengine yataniuma zaidi, pengine hayatauma. Hata hapa ni hivyo hivyo.

Maisha yangu yote nimetishwa na jina. Tangu utoto: usikae sakafuni, usioge alfajiri, baridi itakuingia. Na kiyoyozi cha sebuleni kinanipuliza miezi minane kwa mwaka, hakuna aliyesema neno.

Jumatano, 10 Desemba

Nimemwita Shufaa chini baada ya shule. Ana miaka kumi na tatu, simu anaijua kuliko anavyoijua Kurani, astaghfirullah. Nimemwambia anitafutie tikiti ya ndege ile ile yao. Kaipata. Nimelipa kwa pensheni yangu. Tikiti ya rahisi ukishanunua haina kurudisha. Akaniuliza, "Bibi, una hakika? Viza wakikataa, pesa ndo zishakwenda." Nikamwambia bonyeza. Akabonyeza.

Baadaye, jikoni, peke yangu, nimeosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Si kwa kujuta.

Jumapili, 14 Desemba

Viza. Nimevaa abaya yangu nzuri, kama naenda kuposa. Mashine ya alama za vidole imenikataa, ikanikataa tena. Msichana wa kaunta akasema vidole vya watu wazima hufutika. Vyangu vimefutwa na chaki. Akanipaka losheni akanisugua kidole kimoja kimoja, ikakubali. Nimetoka nikakaa ndani ya gari nikicheka mpaka mtu wa gari la pili akanitazama.

Jioni nimewaambia. Sikuomba, nimewaambia tu. Tikiti ninayo, viza nimeomba. Zuwena akainamisha kichwa, lakini mdomo wake nimeuona, alikuwa anazuia kicheko. Nassor akanyanyuka. Akapanda juu. Nimeusikia mlango.

Jumanne, 16 Desemba

Nassor kashuka asubuhi na uso mkunjufu. Uso huo naujua tangu ana miaka saba, akitaka kitu. "Haya Mama, twende sote. Tena nimefikiri, ni bora. Kule kula nje hakuwezekani, bei zake za kutisha. Wewe utatupikia, tutaokoa nyingi."

Mpishi.

Kumbe baridi yabisi inaniua nikiwa mgeni, nikiwa mpishi hainiui.

Sikumjibu. Ningejibu pale pale ningesema ya kujutia.

Jumatano, 17 Desemba

Nimejibu. Chakula cha mchana, mbele ya wote. "Nassor, mimi nnakwenda kama wewe unavyokwenda. Sipiki. Siku zote za huko sipiki. Mukiwa na njaa, mikono munayo." Akasema hakukusudia hivyo. Nikamwambia najua, ndiyo maana imeniuma. Akaweka kijiko chini, akasema kila kitu nakifanya vita. Ndiyo, nakifanya. Nisipojipigania mimi, hakuna mwengine atakayenipigania. Kila mmoja ameshaamua kunihurumia.

Nimeondoka mezani wali haujaisha. Prossy kanifuata jikoni. Binti wa Uganda, mwaka wa tatu sasa anatusaidia kazi za nyumba. "Mama mkubwa, wewe enda tu. Hii nyumba nitabaki nayo, mafi mushkila, hakuna shida." Kisha akasema polepole kwamba na mama yake kule kwao siku hizi anafichwa mambo, ati amezeeka. Nimemwambia juma lile lote ni lake, alale mpaka adhuhuri akitaka.

Jumamosi, 10 Januari

Wiki tatu sasa, mimi na Nassor ni salamu tu. Asalamu alaykum, wa alaykum salamu, basi. Maandalizi yanaendelea. Wanabeba mchele, dengu, tambi, samaki wa kopo, tende. Nyama na maziwa huruhusiwi kuingiza. Koti langu nimeazima kwa mwalimu mwenzangu ambaye mwanawe anasoma Kanada. La kiume, refu, linapita magoti. Vizuri, magoti ndiyo yenye maneno.

Pasipoti zao nne zimerudi, zina viza. Yangu bado.

Jumatano, 14 Januari

Bado.

Jumapili, 18 Januari

Bado. Safari Alhamisi. Nassor kaja kuniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionikera. "Mama, na isipokuja?" Nikasema itakuja. Khamis kapiga simu: kila lenye kuchelewa lina kheri yake. Nimemkatia simu.

Leo nimeogopa. Naandika wazi, nimeogopa. Si kwa kuikosa Norwei peke yake. Nimejiona nimesimama kizingitini nawapungia mkono, na wao ndani ya gari wananionea huruma, kisha kufika tu kiwanja cha ndege wamenisahau. Na huko mbele ndiyo itakuwa kazi yangu, kupunga mkono.

Nimelifunga sanduku langu. Nimelisukuma mpaka mlangoni, nikaliweka pamoja na yao. Zuwena kaliona. Hakuliondoa.

Jumanne, 20 Januari

Imekuja! Ujumbe umeingia saa saba mchana. Nimeendesha mbio kwenda kuichukua, kamera ya barabarani imenimulika, na inimulike. Niliporudi Nassor alikuwa mlangoni. Kaichukua pasipoti, kaifungua, kausoma ukurasa wa viza wote. Akasema, "Haya." Basi. Sijui uso ule ulikuwa wa furaha au wa kuchoka.

Kisha akachukua sanduku langu kulipima. Limezidi kilo tatu. Nikangoja ugomvi. Akatoa dengu zangu akazitia katika sanduku lake.

Ijumaa, 23 Januari. Norwei

Tikiti ya rahisi ina bei yake. Ndege tatu, na kungojea saa kumi na nne katikati. Tumelala juu ya viti vya kiwanja, Maryam mapajani kwangu. Ndege ya mwisho nimepata dirisha. Rubani hakutangaza lolote, nimekisia kwa saa yangu wakati wa kuuvuka Mzingo. Nikatazama chini. Mawingu, kisha milima myeupe. Hakuna mstari. Nilijua hakuna. Nimetazama hata hivyo, machozi yakanitoka, nikamwambia Maryam ni mwanga.

Digrii kumi na nne chini ya sifuri. Inaingia puani kama pilipili. Kibanda ni cha mbao, kidogo, kina joto. Nalala kitanda kimoja na Shufaa, mwenyewe kanikaribisha. Miguu yake yote ubavuni kwangu.

Nassor kapika. Wali umekuwa bokoboko. Nimekula wote.

Jumapili, 25 Januari

Cha bure hatukukiacha. Nyuma ya kibanda kuna kilima, watoto wa jirani wanateleza juu ya trei za plastiki. Wametuazima. Kateleza Maryam, kateleza Shufaa, kateleza Zuwena na makelele yake. Nassor akasema, "Mama, wewe tupige picha." Nikamrudishia simu mkononi, nikakaa kwenye trei. Kuteleza hakutaki magoti. Kunataka makalio, na hayo Mungu kanijaalia. Nimeshuka napiga kelele, mtandio umenifunika macho, sioni mbele wala nyuma. Nikapanda tena. Jumla mara nne. Nassor alisimama na simu yake mdomo wazi, na picha hakupiga hata moja.

Jua limechungulia juu ya mlima muda wa kunywa kikombe cha chai, likarudi. Tumezikusanya adhuhuri na alasiri kama wasafiri, Nassor imamu. Zile taa za mbinguni zinazosifiwa hatujaziona. Jana na leo tumetoka na gari la kukodi nje ya mji, maana safari za kulipia ni ghali, na mbingu zimefunga. Maryam kalia. Mimi sikujia taa.

Wamepika Zuwena na Nassor pamoja, tambi. Wanajifunza.

Magoti yameanza jioni. Sijamwambia mtu. Akijua Nassor, ameshinda.

Jumanne, 27 Januari

Siku ya mwisho. Nimeamka goti la kulia limevimba. Wote wanavaa, tunakwenda kulitazama ziwa lililoganda. Nimejaribu kuvaa buti, siwezi kuinama. Nimejaribu tena. Nimekaa kitini na buti mkononi.

Nassor kaniona. Hapakuwa na pa kujificha, kibanda chenyewe chumba kimoja na nusu. Nikasema mimi kabla hajauliza. "Magoti yananiuma, mwanangu. Tangu juzi." Maneno hayo sijapata kumwambia kwa mdomo wangu tangu amzike baba yake.

Nikangoja. "Si nilikwambia, Mama?" Neno hilo nililiona liko mdomoni kwake. Zuwena aliacha kumfunga Maryam zipu.

Nassor hakulisema. Akawaambia watoto wavue makoti wasitoke jasho, tutatoka Bibi akiwa tayari. Akachemsha maji, akanikanda kwa taulo. Imechukua saa nzima. Hakuna aliyetazama saa ila mimi. Nikasema sasa naweza. Akanivisha buti, la kulia kisha la kushoto, tukatoka.

Nje pana barafu tupu. Ana yale meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu mtu asiteleze, kayaazima kwa mwenye kibanda. Akapiga magoti mbele yangu kunifunga. Suruali yake imejaa theluji. Kofia imemsogea, nimeona utosini nywele zimeanza kumwondoka, kama marehemu baba yake.

Akauliza kama yanabana. Nikamwambia la kushoto alikaze kidogo.

Akalikaza. Tukaenda, taratibu.