Mngurumo wa Kuazima

Jumatatu, 2 Juni
Bado nakisikia kile kicheko. Kifupi, cha puani, kwenye spika ya simu ya mpiga gitaa. Mwandaaji wa tamasha la muziki wa metali alikuwa anaimwagia sifa rekodi ya bendi yetu—mngurumo kama ardhi inapasuka, huyo jamaa ni nani? Kaka, mpiga ngoma wetu, akamjibu: ni dada yangu. Ndipo mwandaaji akacheka. Kisha akasema nafasi ya Jumamosi ni yetu, ila mbele asimame mwanamume.

Nilidhani wenzangu watamkatia simu. Wakasema sawa!

Jumanne, 3 Juni
Wamempata. Binamu wa mpiga gitaa, kinyozi, mrefu, ndevu hadi kifuani. Tunamwita Sura. Mimi nitanguruma nyuma ya pazia jeusi, yeye afungue mdomo. Hajui hata pa kuvuta pumzi—eti nimfundishe mimi! Nimekaa naye saa mbili, nikimwonyesha pumzi zangu moja moja.

Nikauliza kwa nini nisisimame mwenyewe. Mpiga gitaa akacheka: mwanamke akinguruma, watu wanatoa simu wapige picha. Mwanamume akinguruma, wanarudi nyuma.

Mama kasikia koo langu linavyokwaruza. Mafua gani haya yasiyoisha, mwanangu? Kaka akainamia sahani yake.

Alhamisi, 5 Juni
Mazoezi, ghala la matairi. Sura anaiga vizuri mno. Wimbo niliouandika wiki tuliyomzika baba, anautolea macho kama aliyefiwa ni yeye.

Nikamvuta kaka pembeni. Baada ya Jumamosi, je? Akawa anafuta vijiti vyake. Kumbe mwandaaji ameshazungumzia ziara ya miezi mitatu. Na pazia litasafiri? nikauliza. Dada, akasema, wewe hujawahi kupenda kutazamwa. Halafu, taratibu: ukituangusha, usiniite kaka tena.

Hakupandisha sauti. Ndilo lililonitisha.

Ijumaa, 6 Juni
Bango limetoka. Wanaume watatu. Mimi hata kivuli sina.

Jumamosi, 7 Juni, saa kumi jioni
Ukumbi umejaa hadi milangoni. Nyuma ya pazia waliniwekea kiti, maji, maikrofoni. Kaka aliirekebisha kimo mwenyewe, akanishika bega. Tulia, wewe ndiye unayetubeba. Nikaitikia kwa kichwa. Akaenda kukaa kwenye ngoma zake.

Sasa niko roshani, safu ya mbele, naandika juu ya goti. Nilipita ngazi ya mafundi, hakuna aliyeniona. Maikrofoni nimeiacha kitini, imewashwa.

Wameanza. Ngoma za kaka nzito, sawasawa—hajui. Mikono imenyanyuka ukumbi mzima.

Sura amefungua mdomo.

Hakuna kitu.

Wanarudia utangulizi. Wanarudia tena. Mtu huko chini amepiga mluzi. Sura anageukageuka, jasho limemjaa usoni. Kaka halitazami tena pazia. Anapiga huku anatafuta watu, safu kwa safu, sasa amefika huku juu.

Sijainama.